Wajomba wa Koko

Mwaka huu wajukuu zangu walinipeleka parke, ile hifadhi ya wanyama. Sikuomba. Walinipeleka tu, jinsi watu wanavyompeleka mama mzee kupimwa macho: panda, shuka, kaa hapa, usiguse. Tulitoka Uvira asubuhi, tukaiacha Sange na mipunga yake, tukapanda zile kona za mlimani nikiwa nimefumba macho na kusali, tukalala Bukavu kwa binti yangu. Kesho yake tukaenda kwenye ule msitu wa juu, ambako wageni hutoka ng'ambo kuja kuwaangalia gorila. Pale mlangoni wakatufunga vitambaa mdomoni, eti tusiwaambukize wanyama mafua. Nilicheka sana. Zamani sisi ndio tulioonywa tujihadhari nao.

Hatukuwa tumeingia mbali. Yule gide wetu wa kutuonyesha njia, kijana mpole mwenye panga na buti za mpira, alisimama ghafla akainua kidole. Upande wa bondeni kulikuwa na sauti. Ilianza moja, chini, ya kuhema, ikapanda, ikapokewa na nyingine, mara bonde zima likawa linapiga kelele, na katikati yake kitu kinapigwa, du, du, kama mtu anayegonga mlango wa mbao.

"Wale si gorila," kijana akasema. "Wale ni…" na akalitaja jina lao, waziwazi, kwa sauti kubwa, huku tumesimama ndani ya msitu.

Ndugu yangu, nilimrukia. Mimi mwanamke mzima, na mvi zangu, nilimrukia mtoto wa watu nikamziba mdomo kwa mkono, kitambaa na vyote. Wajukuu, ambao huniita koko, yaani bibi, wakanishika mabega. "Koko, iko nini?" Gide alikuwa amekodoa macho. "Mama, nisamehe, nimekosa nini?" Ungemjibuje mtu katikati ya njia, watu wamesimama nyuma yako na kamera zao? Nilimwomba msamaha, tukaendelea kutembea. Lakini wewe hapa umekaa na una muda, wacha nikueleze.

Mnyama mwenyewe unamjua. Ni yule mweusi anayefanana nasi, mdogo kwa gorila, anayetandika kitanda chake juu ya mti. Vitabu humwita sokwe. Sisi wa huku tuna jina letu la kumwita, nalo nitalitaja likifika mahali pake. Koko wangu mwenyewe, bibi mzaa mama, hakulitaja maisha yake yote. Yeye aliwaita wajomba.

Koko aliishi mlimani juu ya Uvira, pale mashamba yanapokoma na msitu unapoanza. Sisi tulikaa chini, karibu na Kalundu, kwa sababu baba alikuwa anapakua mizigo ya meli bandarini. Vakansi ikifika, shule zikifungwa, mama alikuwa anafunga kikapu: ndagala za ziwani zilizokauka, chumvi, chupa ya mawese iliyozibwa kwa gunzi la mhindi, sabuni ya kipande. Tulianza kupanda umande ukiwa bado kwenye majani. Njia ile haikuwa na huruma. Unapanda, unapanda, ukigeuka unaona ziwa limetandazwa chini, na upande wa pili milima ya Burundi, na mitumbwi iliyotoka kuvua imekuwa midogo kama punje za mchele. Mama hakupenda tugeuke. Alisema anayegeuka hafiki leo.

Tulijua tumefika kwa harufu ya moshi na kwa baridi ya masikioni. Koko alikuwa anatungoja na chungu cha maharage, na viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu. Aliyamimina mawese yetu juu ya maharage hata kabla hatujakaa, akayaonja, akafumba macho. "Eeh, Kalundu imefika," alikuwa anasema hivyo kila mwaka. Ndagala alizificha juu ya dari, tukazisikia zikinuka juu ya vichwa vyetu vakansi nzima.

Asubuhi kule juu hatukuamshwa na jogoo. Tuliamshwa na zile sauti nilizozisikia parke. Zilitoka kwenye mkuyu mkubwa ng'ambo ya kijito, kabla ukungu haujainuka, na koko alikuwa anagonga ukuta wa chumba chetu kwa mwiko. "Wajomba wameamka. Na ninyi?" Basi tunatoka, meno yanagongana, mmoja anakwenda kuchota maji, mwingine kukusanya kuni, mwingine kuwafungulia mbuzi. Ikitokea wamechelewa kulia, na sisi tulichelewa, na koko mwenyewe alikaa kitandani akisema leo hata wenyewe wanaona baridi.

Huko kwao msitu ulikuwa na adabu zake. Ukiwa ndani yake, au shamba linalopakana nao, huyaiti majina ya wenyewe. Nyoka ni kamba. Chui ni bwana wa shati. Tembo, ambao hata siku zile walikuwa wameshaanza kupungua, ni mkubwa. Si kwamba watu walitetemeka. Ni kama vile huwezi kumwita baba mkwe wako kwa jina lake tupu mbele ya uso wake. Ukimtaja mwenye msitu kwa jina, koko alituambia, umemwuza. Umemwonyesha kwa kila anayemtafuta, mzuri na mbaya.

Kwa nini wajomba? Nilimwuliza. Alikuwa anapalilia, hakuinua hata kichwa. "Mujomba akikuja kwa dada yake, anabisha hodi? Anaomba ruhusa? Anaingia, anakula, anakwenda zake. Unaweza kumufukuza?"

Mjomba wangu wa kweli, kaka yake mama, kijana mwenye meno yaliyoachana na kicheko cha kumwamsha mtoto mchanga, alikuwa hapo ameegemea jembe. "Yo! Sasa miye nafanana na bale?"

"Bale wanakula kwa adabu kukupita weye," koko akamjibu, na mama alicheka hadi akaketi chini kwenye udongo. Nakumbuka sana kicheko kile cha mama, kwa kuwa baadaye sikumwona tena akicheka kule juu.

Wajomba walikuwa na fungu lao. Mistari ya mwisho ya mahindi, ile inayogusa msitu, haikuvunwa. Koko aliipanda kama mingine, akaipalilia kama mingine, halafu akaiacha. Walishuka jioni jua likiwa bado linaonekana, wakavunja mahindi yao, wakabeba kwapani, mkononi, hata mguuni, wakarudi. Mara chache waliruka mpaka, wakala na letu. Hapo koko alitoka na kusimama shambani mikono kiunoni, akawasema. Si kwa mawe. Aliwasema kwa maneno, jinsi unavyomsema ndugu aliyekunywa akapitiliza: hamna haya, mna watoto mnawafundisha nini, nimewaachia lenu. Nao waliondoka. Naapa kwa Mungu, waliondoka.

Siku aliyonipeleka kwa mkuyu nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Tulivuka kijito, akanipa tawi la majani nilishike mbele ya uso, akaniambia nisionyeshe kwa kidole na nisicheke meno nje. Tukaketi. Tini zilizoiva zilikuwa zinaanguka na kunuka tamu kama pombe ya ndizi. Kwanza sikuona kitu, majani tu. Halafu jani moja likawa mkono. Mkono ule ulikuwa na kucha kama zangu. Ukachuma tini, ukaigeuza, ukaitupa kwa sababu haijaiva, ukachuma nyingine. Hapo ndipo nikawaona wote: mama na mtoto mgongoni, vijana wanaosukumana, na mmoja mwenye kipara na sikio moja lililokatika, ameketi mahali pazuri kuliko wote na amekunja mikono tumboni.

Yule mwenye kipara alinitazama. Alinitazama muda mrefu, bila hasira, jinsi mzee anavyomtazama mtoto wa jirani na kujiuliza huyu ni wa nani. Nilitaka kumwambia jina langu. Tulipokuwa tunarudi, koko alinishika mkono na kuniahidi: nikikua kidogo, miguu ikipata nguvu, atanipeleka mbele zaidi, kule wanakotandika vitanda, nikaone jinsi mama anavyomlaza mtoto. Nilimkumbusha ahadi hiyo kila vakansi. "Bado miguu," alisema, akinipapasa magoti.

Kabla ya uhuru kuna mzungu mmoja aliyepanda hadi kwetu na mkewe, wenye kofia pana na darubini. Walikaa chini ya mkuyu tangu asubuhi. Waliposhuka, uso wa bwana ulikuwa mwekundu kwa furaha. Akamwuliza koko kwa Kiswahili chake cha kuunga: "Mama, ile nyama mweusi, jina yake nani?"

"Wajomba," koko akajibu.

"Wajomba!" Mzungu akarudia, na kumgeukia mkewe: wajomba, wajomba. Walishuka mlima wakiimba neno hilo. Mjomba wangu alilala chini akicheka, akisema huko Ulaya sasa wataandika kwenye kitabu kwamba juu ya Uvira wajomba za watu wanaishi kwenye miti na wana manyoya. Tulilicheka jambo lile kwa miaka. Hatukujua tunacheka nini.

Uhuru ulipokuja, kule juu ulikuja kwa mguu. Chini, Kalundu, kulikuwa na ngoma, baba alirudi na kofia ya karatasi, mwalimu wetu alitufundisha wimbo tukauimba hadi sauti zikakauka. Kwa koko vijana walikwenda wakaking'oa kibao cha serikali kilichokuwa kimesimamishwa kwenye njia ya msitu kukataza watu kuingia. Msitu ni wetu sasa, walisema. Koko aliwaangalia. "Na zamani ulikuwa wa nani?" akauliza. Kibao akakichukua yeye, akawa anaanikia mihogo juu yake. Mvua na jua vikayafuta yale maandishi, ikabaki mbao nzuri nyeupe.

Halafu vita. Wewe mwenyewe umeisikia, kila mtu wa Uvira ana yake. Ilianza kwenye bonde la Ruzizi, ikaingia mjini, siku moja mji ni wa hawa, siku nyingine ni wa wale. Shule ilifungwa, mwalimu wetu alikimbia hatukumwona tena. Baba akasema: mama na watoto, pandeni kwa koko, mimi nitawafuata. Tulipanda mchana kweupe, safari ile bila kikapu wala mawese, na hakuna aliyetukataza kugeuka. Kalundu ilikuwa inatoa moshi.

Tulimkuta koko peke yake. Mjomba hakuwepo. Watu walisema amekwenda na waasi. Koko alisema amevuka maji, yuko Burundi kwa rafiki yake mvuvi. Ukweli ulikuwa ule wa koko, lakini nani alikuwa na hamu ya ukweli siku zile? Njo hivyo tulivyokaa, mama, koko na sisi watoto, tukila viazi na mboga ya lengalenga bila chumvi. Kitu kimoja tu hakikubadilika: asubuhi ukungu ukiwa chini, wajomba walilia kwenye mkuyu, na mwiko ukagonga ukuta.

Siku walipokuja askari wa serikali, mama alikuwa ameteremka kijitoni kufua. Nataka uikumbuke sehemu hiyo, kwa sababu mama mwenyewe alikuja kuirudia maisha yake yote: nilikuwa nafua, nilikuwa nafua nguo. Askari walitokea kwa njia ya chini, wamechoka, wamelowa, midomo imepasuka kwa baridi. Walikuwa watu wa mbali, wakisemezana Kilingala. Mkubwa wao alijua Kiswahili kidogo. Alimwamkia koko vizuri, akavua kofia, akaketi kwenye ile mbao ya kibao. Sisi watoto tulisimama nyuma ya koko tumeshika kitenge chake.

"Mama, banasema mutoto yako mwanaume alikwenda na waasi."

"Alivuka maji," koko akasema.

"Na kule yulu, mu pori. Kuko nani?"

Koko akageuka kuutazama msitu. Ulikuwa hapo, hatua chache tu, mahindi ya fungu yamesimama mbele yake. Nilimwona akishusha sauti, kwa ile adabu. "Kule? Kule ni kwa wajomba."

"Wajomba ya nani?"

"Yetu siye wote."

"Wako wengi?"

"Wako wengi. Wana bibi zao, na watoto."

Yule mkubwa alikaa wima. "Banakula nini?"

"Mahindi yangu," koko akasema, na akamwonyesha fungu kwa kidevu, si kwa kidole. "Wanashuka jioni, wanakula, wanarudi kulala."

"Na weye unabaachia."

"Nitawafukuza namna gani, baba? Ni wajomba."

Nilikuwa nimesimama pale pale, nimesikia kila neno, na niliona koko amejibu vema sana. Niliona yule askari ana heshima, na koko ana heshima, na maneno yao yanapatana. Askari alivaa kofia yake. Akasema neno moja kwa wenzake, nao wakasimama wote pamoja, wakayakanyaga mahindi ya fungu, wakaingia msituni kuelekea mkuyu.

Mama alipanda kutoka kijitoni na beseni kichwani. Aliona nyayo. "Mama, hawa walitaka nini?" Koko akamwambia: wamemtafuta ndugu yako, nimewaambia amevuka. Na kule juu wakauliza, nimewaambia ni wajomba. Nilimwona mama anaelewa. Beseni lilimtoka kichwani, nguo zote zikamwagika kwenye matope.

"Mama weeh! Uliwaambia wajomba? Uliwaambia wajomba tu?"

Akakimbia. Alikimbia kati ya mahindi, kitenge kimemfunguka, akaingia msituni, na kule ndani akaanza kupiga kelele kwa nguvu zake zote, lile jina: "Ni sokomutu! Baba, ni sokomutu tu! Sokomutu!"

Koko aliziba masikio yangu kwa viganja vyake. Hakuyaziba ili nisisikie bunduki, bunduki zilikuwa bado. Aliyaziba nisisikie jina. Viganja vyake vilinuka moshi na maharage, na kupitia humo nilimsikia mama bado analiita, mbali, mara moja, mara nyingine. Ndipo bunduki zikalia, zikalia muda mrefu kuliko ninavyoweza kukueleza.

Mama alirudi kwanza. Alianza kuokota nguo kwenye matope moja moja. Baadaye wakarudi askari, polepole, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu wanaotoka kuzika. Kijana mmoja alikwenda kwenye mtungi wetu akaosha mikono, akaimaliza, akaanza tena. Yule mkubwa alisimama mbele ya koko, hakuketi.

"Mama," akasema, "nilifikiri ni watu."

"Ni watu," koko akajibu.

Yule bwana alikuwa na machozi, usifikiri nakudanganya. Alisema maneno ambayo hadi leo yananichoma kuliko zile bunduki. Alisema: "Hata kwetu, mu pori yetu, hatutajaka jina yao. Tunabaita wazee." Akatikisa kichwa. Naye alizaliwa kando ya msitu. Kwao nako kulikuwa na bibi anayewashushia sauti. Angekumbuka kidogo tu, angeuliza swali moja zaidi, angecheka na koko, wangekunywa maji, angeteremka mlima. Lakini vita ilikuwa imemfundisha kusikia neno moja kwa namna moja tu.

Asubuhi iliyofuata hakuna kilicholia kwenye mkuyu. Tulilala hadi jua likaingia mlangoni. Koko alikaa kitandani, mwiko mkononi, anangoja.

Na hapa sasa ndipo lilipo jambo lenyewe, ndugu yangu, lile lililonifanya nimzibe mdomo yule kijana. Koko hakuamini kwamba kosa ni lile jibu lake. Hata siku moja. Aliamini kwamba askari wangepita chini ya mkuyu bila kuona kitu, kwa sababu wajomba wanajua kujificha, na kwamba kilichowaua ni mama, aliyeingia msituni akawaita kwa jina, akawauza. Mama naye aliamini kwamba angelifika mapema kidogo, au kama koko angelitaja jina mara moja, mara moja tu, hapo uani, wajomba wangekuwa hai. Kila mmoja alikuwa na wafu wake mikononi na aliwaweka mlangoni kwa mwenzake.

Nisingeweza kukueleza jinsi nyumba ile ilivyokuwa baridi. Koko aliacha kula ugali uliosongwa na mama. Alisubiri mimi nisonge, na mimi nilikuwa sijui kusonga, unajaa madonge, naye akaula hivyohivyo. Mama alipomwita "mama", koko aliitika kwa kumtuma mtoto. Mji ulipotulia tukateremka, baba alikuwa mzima, maisha yakaendelea. Lakini vakansi mama hakupanda tena. Alinifungia mimi kikapu, ndagala, chumvi, mawese yenye gunzi, akanisindikiza hadi mwanzo wa njia. "Umusalimie," alisema. Nami nilimsalimia koko, na koko alisema, "Asante," kwa ziwa, si kwangu.

Koko aliendelea kupanda lile fungu. Kila mwaka, mistari ile ile. Mahindi yakakauka yakiwa yamesimama, panya wakayala. Nilimkumbusha ile ahadi ya kunipeleka kwenye vitanda, nadhani nilitaka tu kumsikia akisema bado miguu. Aliniambia: "Vitanda ni vya watu. Watu wakiisha, ni majani tu." Mjomba aliporudi kutoka ng'ambo ya maji, ameota ndevu, kitu cha kwanza alichouliza ni kwa nini asubuhi ni kimya hivi. Kicheko chake nacho kilikuwa kimebaki Burundi.

Koko alipougua, mama alifunga kikapu akapanda. Alifika, lakini koko hakuwa tena na maneno ya kumwambia mtu yeyote. Mama alikaa kando yake akimshika mguu. Na mama naye, alipokuwa anaiaga dunia, miaka mingi baadaye, hapa Kalundu, aliniuliza mimi kana kwamba mimi ni hakimu: "Weye ulikuwa pale. Sema. Ni jina? Ni jina iliwaua?" Nikamwambia hapana, mama. Alijua kwamba sijui.

Kule juu sasa hakuna mkuyu. Msitu umerudi nyuma, umerudi nyuma sana, kutoka uani kwa koko ukitazama unaona mashamba ya mihogo hadi macho yanachoka, na makaa yanateremshwa mjini kwa magunia. Kibao nacho sijui kilichomwa mwaka gani. Watoto wa kule wanaamka na simu.

Basi rudi nami parke. Tumesimama, wageni wamepita mbele, gide anatuharakisha kwa adabu, anasema gorila wanahama. Bondeni zile sauti bado. Mjukuu wangu mdogo wa kike, yule ambaye naye meno ya mbele yameng'oka, alinivuta kitenge. "Koko, bale wenye kulia njo nani?"

Niliteremsha kitambaa mdomoni, ingawa imekatazwa.

"Sokomutu," nikasema. Halikutosha. Nikavuta pumzi nikaligeukia bonde, nikaita kama mama alivyoita: "Sokomutu!"

Nikangoja. Gide aliweka mkono kifuani, masikini, akifikiri mama mzee amepandwa na kitu. Ningependa wakati ule kuwa na viganja vya koko masikioni. Wale kule chini walinyamaza kidogo, pumzi moja, ninavyonyamaza mimi mtu akiniita barabarani. Halafu wakaendelea. Mmoja akaanza, wengine wakapokea, wakalipiga lile gogo lao, du, du, kwa raha zao, hawana habari na mimi.

Hakuna kilichotokea. Miaka yote ile, ugali wote ule usioliwa. Ningekuwa najua mahali pa kumpata mama, ningekwenda leo hii kwa miguu, hata kwa ile njia ya zamani isiyo na huruma, nimwambie: si jina, mama, si weye. Na ningepita mbali na nyumba ya koko, nisimwambie kitu, kwa kuwa kama si jina, basi ni nini kilichobaki cha kumwambia?

"Na kwetu Uvira wako?" mjukuu akauliza. "Kule mulimani kwa koko yako? Kulikuwa sokomutu?"

Nikapandisha kitambaa changu mdomoni, nikamshika mkono.

"Hapana," nikamwambia, na nikashusha sauti. "Kwetu kulikuwa wajomba."